Mfanyabiashara wa mpakani ana la kujifunza Bulgaria

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaofuata nguo na viatu Istanbul wanalijua jiji hilo mtaa kwa mtaa. Wachache wanajua kwamba barabara itokayo Istanbul kupitia Edirne huvuka mpaka wa Kapitan Andreevo na kuingia Bulgaria, nchi ambayo magofu yake yana habari nyingi za ushuru, lakiri na soko.

Bulgaria ikitajwa, watu huzungumzia fukwe za Bahari Nyeusi, na hizo zipo. Lakini kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka, iko sababu nyingine ya kwenda. Miji ya Bulgaria inaonyesha kwamba haki ya mfanyabiashara haikuletwa na huruma ya ofisa wa forodha. Iliandikwa, ikadaiwa, na pale ilipoheshimiwa nchi ikatajirika.

Safari na ianzie Varna. Mwaka 1972, mtaro uliokuwa ukichimbwa pembezoni mwa jiji hilo ulifichua makaburi ya kale. Humo vilipatikana vipande vya dhahabu takriban 3,000, vyenye uzito wa kilo 6 hivi, vilivyofuliwa zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Ni miongoni mwa dhahabu kongwe kuliko zote zilizowahi kufuliwa na binadamu, na leo huonekana katika Makumbusho ya Akiolojia ya Varna. Swali la mfanyabiashara ni moja tu: watu hao walikuwa wakiuza nini? Sehemu ya jibu iko Provadia, si mbali na hapo, ambako wanaakiolojia wamefukua mahali palipochemshwa maji ya chemchemi ili kupata chumvi. Makaburini kulikuwa pia na vikuku vya makombe kutoka Bahari ya Aegean. Chumvi ilitoka, makombe yakaingia, dhahabu ikabaki.

Kutoka Varna kuelekea magharibi, kiasi cha kilomita 90, kuna mji wa Shumen. Karibu yake ziko Pliska na Preslav, zilizokuwa miji mikuu ya kwanza ya Bulgaria, na jabali la Madara lenye sanamu ya mpanda farasi iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 8. Sanamu hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979. Watalii hupiga picha na kuondoka, ilhali hapa ndipo mfanyabiashara angepaswa kukaa kidogo.

Mwaka 716, watawala wa Bulgaria waliwekeana mkataba na Milki ya Bizanti. Pamoja na mambo ya mipaka na wafungwa, mkataba ulieleza kwamba wafanyabiashara wavukao mpaka wawe na hati na lakiri; bidhaa isiyo na lakiri itachukuliwa na serikali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Wabulgaria walilijua hilo miaka 1,300 iliyopita. Lakini hati hiyo ilifunga pande zote mbili: mwenye lakiri alikuwa na haki ya kupita.

Haki hiyo ilipochezewa, moto uliwaka. Mwaka 894, wafanyabiashara wawili wa Kigiriki wenye jamaa wakubwa katika ikulu ya Bizanti walifanikisha mpango wa kuhamisha soko la Wabulgaria kutoka Constantinople kwenda Thessaloniki, kisha wakawatoza ushuru mzito. Wafanyabiashara wakamlilia mtawala wao, Simeon. Simeon alimwandikia Kaisari Leo VI, akapuuzwa, akaingia vitani. Mwaka 896 Bizanti ilishindwa, ikakubali kulipa kodi kila mwaka, na soko likarudi Constantinople. Anayetembea kwenye magofu ya Preslav anatembea katika mji wa mtawala aliyepigana kwa ajili ya meza za wachuuzi.

Veliko Tarnovo, mji wa vilima juu ya mto Yantra, unatoa mfano bora zaidi kwa sababu hapo haki ilitolewa bila damu kumwagika. Juu ya kilima cha Tsarevets zilikuwapo ikulu na kanisa kuu la dola ya pili ya Wabulgaria, hadi Waosmani walipouteka mji mwaka 1393. Baada ya ushindi wake wa 1230, mfalme Ivan Asen II aliwapa wafanyabiashara wa Dubrovnik, mji wa pwani ya Adriatic, hati ya kuingia na kuuza popote katika nchi yake. Hati ilitaja maeneo yenyewe, na ikaonya kwamba atakayewadhuru njiani au sokoni atahesabiwa kuwa mpinzani wa mfalme. Chini ya ngome hiyo palikuwa na mtaa wa wafanyabiashara wageni kutoka Magharibi. Mgeni mwenye bidhaa alihesabiwa kuwa faida.

Plovdiv na Sofia ziko kwenye barabara ya kale iliyounganisha Belgrade na Constantinople. Plovdiv ina ukumbi wa maonyesho wa Warumi unaotumika hadi leo, mtaa wa mafundi uitwao Kapana, na maonyesho ya biashara yaliyoanza mwaka 1892. Katika kituo cha metro cha Serdica, Sofia, abiria hupita kando ya mitaa ya Warumi. Monasteri ya Rila, kusini mwa jiji hilo, iliungua mwaka 1833, ikajengwa upya kwa michango ya Wabulgaria wenye mali kutoka pembe zote za nchi. Fedha ya biashara ilirudi kujenga.

Kisha kuna Ruse, kwenye mto Danube. Ng'ambo ni Giurgiu, Romania, na daraja lililofunguliwa 1954 linaiunganisha miji hiyo. Bulgaria na Romania ziliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, lakini ukaguzi wa pasipoti barabarani ulibaki hadi Januari 1, 2025, nchi zote mbili zilipoingia kikamilifu katika eneo la Schengen. Ni miaka 18 ya kudai. Mwaka mmoja baadaye Bulgaria ikaanza kutumia euro.

Hapo ndipo somo linapofika Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo. Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Sarafu moja iliyotarajiwa 2024 imesogezwa hadi 2031. Mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Hata hivyo wapo wanaopita njia za panya kwa kuogopa usumbufu, au kwa kutojua kwamba cheti hicho ni haki yao. Kila anayepita porini anaiacha haki yake ilale kwenye karatasi, na anamwachia mla rushwa nafasi ya kupanga bei ya mpaka.

Watakuwapo wa kusema kwamba mama anayevusha ndizi na mitumba hana Simeon wa kumpigania. Kweli, na wala vita havihitajiki. Lakini Simeon hakuota taarifa. Aliletewa malalamiko na watu waliokuwa wakiumia. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina kazi hiyo hiyo: kuandika tarehe, kituo, kiasi kilichotozwa na kilichopaswa kutozwa, kisha kuipeleka kwa pamoja kwa wenye mamlaka. Na serikali zina wajibu wa kujibu, tofauti na Leo VI.

Anayetaka kuongeza siku chache kwenye safari ya Istanbul ajue mapema kwamba viza ya Uturuki haimwingizi Bulgaria. Anahitaji viza ya Schengen, na maombi yake yanaanzia nyumbani, si mpakani. Akifika, asiishie madukani. Apande Tsarevets na akumbuke kwamba kutoka kilima hicho wageni wenye bidhaa walipewa hati ya kupita. Akirudi, aiulize ofisi ya mpaka wake iko wapi ya kwake.