Miche ya pareto ya bure? Uliza kwanza ni ya aina gani

Huenda guka ameshakupigia simu: pareto inarudi, kaunti inagawa miche, wacha kuhangaika Nairobi uje ulime. Si wazo baya, hasa kama kwenu ni Molo au Kinangop. Lakini kabla hujapanda matatu, muulize swali moja. Hiyo miche ni ya aina gani?

Pareto hailipwi kama sukuma wiki. Kiwanda hupima pairethrini, ile dawa ya kuua wadudu iliyo ndani ya ua, na bei hufuata asilimia yake. Tuseme umevuna kilo 100 za maua makavu yenye asilimia 1.2. Jirani yako ana kilo 80 tu, ila zake ni asilimia 1.8. Piga hesabu: wewe umepeleka kilo 1.2 za pairethrini, yeye 1.44. Shamba lako ndilo lililokuwa jeupe pepepe, watu wakaja kupiga picha, na bado amekushinda.

Tena maua haya huchumwa kwa mkono, kila baada ya wiki mbili au tatu. Ua hafifu linakula muda uleule wa kuchuma kama ua bora, na kibarua anataka pesa yake. Kule Tasmania, Australia, wanapitisha mashine mara moja kwa mwaka. Hao ndio waliotupita baada ya Kenya kuongoza dunia kwa miaka mingi, wakati malipo ya wakulima yalipokwama na wazazi wetu wakang'oa pareto wakapanda viazi.

Sasa, miche ya mbegu hutofautiana kama watoto wa mama mmoja. Iliyogawanywa kutoka shina moja hufanana, lakini ukiitoa tu kwa shamba kuukuu la jirani unaweza kubeba minyoo ya mizizi pamoja nayo. Halafu kuna baridi. Pareto huhitaji usiku wa baridi ndipo itoe maua, kwa hivyo aina inayojaza magunia kule juu inaweza kukuletea majani matupu huku chini. Na hata aina bora utaiharibu mwenyewe ukichuma maua ambayo hayajafunguka, au ukiyarundika mabichi yakaanza kuchacha.

Ndiyo maana naona kaunti zinapojisifu kwa idadi ya miche iliyogawiwa zinatuambia nusu ya habari. Jina la aina na urefu wa mahali inapofaa vingeandikwa kwenye karatasi moja tu, mkulima akapewa.

Wewe anza na kipande kidogo. Na kampuni ikikuletea mkataba, usisaini kabla ya kuonyeshwa matokeo ya maabara yatakufikia vipi, na ni baada ya siku ngapi pesa itaingia kwa M-Pesa.