Taa Kuwaka Si Ushahidi

Iko kauli inayotamkwa mno katika mitaa yetu ya Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Kamenge: "Mradi taa inawaka." Pangaboi lenye taa hufungwa darini, swichi hubonyezwa, taa huwaka, mapanga huzunguka, fundi hulipwa na kazi huhesabiwa imekwisha. Naipinga kauli hiyo. Kuwaka kwa taa hakuthibitishi kwamba nyaya zimeungwa sawasawa.

Tazama suala la rangi. Katika utaratibu wa Ulaya, waya wa buluu ni nyutro, yaani njia ya kurudishia umeme. Wa kijani na njano ni wa ardhi. Wa kahawia ni wa moto. Lakini katika mapangaboi mengi yaliyoundwa kwa soko la Marekani, nyutro ni nyeupe, moto wa mota ni mweusi, na buluu ni moto wa taa. Basi anayeunga buluu kwa buluu, kisha akaupa mweupe moto, ataiona taa ikiwaka vizuri kabisa, huku kikombe cha chuma kinachoshika balbu ya kuzungusha kikiwa na volti 220.

Kosa la pili ni kufunga swichi kwenye nyutro badala ya kwenye waya wa moto. Taa huzimika, nawe hupanda stuli ubadili balbu ukidhani umeme umekatika, kumbe ungali pale pale. Balbu ya LED ikitoa mwanga hafifu ilhali swichi imezimwa, hiyo ni dalili inayodai uchunguzi. Mota ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi kapasita ndiyo imechoka. Anayekimbilia kukata na kuunga upya nyaya zote anatibu jino kwa kukata sikio.

Utaniambia kwamba fundi stadi ni ghali. Kweli, lakini kuuliza ni bure. Muulize: Umezima swichi kuu na kupima kabla ya kugusa? Umeutambua waya wa moto kwa kipimo au kwa rangi? Swichi inakata upi? Waya wa ardhi umeishia wapi? Fundi mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, una haki ya kumtafuta mwingine. Na mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi asikwambie kwamba nyaya za darini ni shauri la mpangaji.

Usidhani nakutisha bure. Tarehe 7 Desemba 2021 moto uliteketeza gereza la Gitega. Serikali ilitangaza vifo 38, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikataja hitilafu ya umeme kuwa chanzo. Wafungwa hawakuwa na uwezo wa kumhoji fundi yeyote. Wewe unao.

Ndiyo maana nasisitiza msamiati huu: nyutro, waya wa moto, waya wa ardhi, kapasita. Wako wanaoona kwamba Kiswahili cha darasani ni cha methali na mashairi pekee, wanakosea. Raia asiyeyajua majina ya vitu vilivyomo darini kwake hawezi kudai vifungwe ipasavyo. Yajifunze leo, na fundi atakapokuja, simama chini ya ngazi umuulize.