Gesi ya kimiminika: hewa ya kawaida inaweza kuchukua nafasi ya maji ya bahari?

Februari 2024, Kongo-Brazzaville ilituma shehena yake ya kwanza ya gesi asilia ya kimiminika, GNL, kuelekea bandari ya Piombino nchini Italia. Gesi ya aina hiyo husafirishwa kwa baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake ukiwa umepungua karibu mara 600. Ikifika, lazima ipashwe joto ili irudi kuwa gesi. Joto hilo litoke wapi?

Njia ya bei nafuu ni maji ya bahari. Lakini pampu huvuta pia mayai na vifaranga vya samaki, na maji hurudishwa yakiwa baridi, mara nyingi yakiwa na klorini. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 gavana wa Louisiana, Kathleen Blanco, aliukataa mradi wa Main Pass katika Ghuba ya Meksiko, ambao wavuvi waliupinga. Njia nyingine ni kuchoma sehemu ya gesi yenyewe, takriban asilimia 1.5. Yaani mwenye kituo anaunguza bidhaa yake mwenyewe, tena kwa moshi.

Hewa inaepusha yote mawili. Gesi baridi hupita katika mabomba yenye mabawa membamba ya alumini, na hewa ya nje huyapasha. Ila unyevu huganda juu yake, hivyo baada ya saa kadhaa kifaa kinasimamishwa barafu iyeyuke, kingine kikishika zamu. Hapo vinahitajika vifaa vingi na kiwanja kikubwa, na ukungu mzito hutanda jirani.

Huko Dahej, India, hewa hupasha kwanza maji yenye glikoli, kisha maji hayo ndiyo hupasha gesi. Gujarat ni nchi ya joto, kwa hiyo mpango huo unaeleweka. Freeport, Texas, nayo ilijenga minara ya hewa kwa ajili ya kupokea gesi, lakini ikaweka vichomeo vya akiba kwa siku za baridi.

Kasoro kubwa ni hiyo: kaskazini mwa Ulaya, gesi hutakiwa zaidi wakati wa baridi, wakati huohuo hewa ina joto dogo. Muuzaji anayetangaza mtambo "bila moshi" aulizwe kwanza habari za Januari. Kwenye pwani za Afrika zenye joto mwaka mzima, hesabu inabadilika. Huko kikwazo ni unyevu, na bei ya ardhi karibu na bandari.