Mambo ya Ufundi: Kishikizo cha Dainamo

Mwezi uliopita nilimjibu mwalimu mmoja wa upande wa kusini wa Unguja, ambaye Land Rover yake ya zamani ilikuwa ikiwasha taa nyekundu njiani. Nilimwambia kwamba dainamo imekwisha, atafute nyingine. Akaitafuta, akainunua kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake, akaifunga. Na siku ya nne taa ikawaka tena. Basi jibu langu lilikuwa kosa, nami sina budi kulisahihisha, kwani huenda na wengine wamelifuata.

Juzi alikuja mjini, akaisimamisha motokaa karibu na Mkunazini, tukafunua boneti pamoja. Niliposhika dainamo kwa mkono ilicheza kama jino la mtoto. Dainamo haikuwa na neno. Kilichokufa ni kishikizo chake, ambacho mafundi wa Darajani hukiita breketi: sikio moja limepasuka, na tundu la pili limekuwa refu kama yai kwa kutikiswa na bolti iliyolegea.

Katika injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutiwa katika Land Rover mwaka 1958, ukanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Dainamo ikiinama, ukanda hulegea. Ukilegea, taa huwaka. Ukiruka, maji husimama na injini huchemka. Kwa hiyo taa ile nyekundu si habari ya umeme peke yake. Motokaa ya mwalimu huyu ndiyo inayopeleka wagonjwa wa kijiji chake Mnazi Mmoja usiku. Nilipoona ufa ule nilinyamaza kidogo.

Nilipaswa kumwambia hivi. Kabla ya kununua dainamo, vua ukanda, ondoa waya zote mbili za dainamo, kisha unganisha vichwa vyake D na F kwa waya mmoja. Toka hapo peleka waya kwenye kichwa cha betri kisicho cha ardhi. Dainamo nzima itazunguka polepole yenyewe. Ile ya kwanza tuliijaribu hivyo, ikazunguka.

Sasa kishikizo. Tangulia kufungua waya wa ardhi wa betri. Katika Land Rover zilizotengenezwa kabla ya 1967 waya huo huwa upande wa chanya, usidanganyike. Toa kishikizo, kisugue kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe, maana hewa yetu ya chumvi huficha mengi. Kipake mafuta ya taa, ngoja, kifute kikauke kabisa, kisha kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatatoka taratibu na kuchora mstari juu ya weupe. Chaki, walimu, mnayo.

Toboa tundu dogo kwa keekee penye mwisho wa ufa, usiendelee. Kishikizo kikiwa cha bamba la chuma, fundi yeyote mzuri atakichomelea. Kikiwa cha chuma cha kusubu, muulize kwanza kama amekwisha kufanya kazi hiyo, na akisitasita mwondokee. Chuma hicho hutaka kupashwa moto chote kabla ya kuchomelewa, kisha kupoa polepole sana. Kikipoa upesi hupasuka kando ya kiungo. Mimi hukifukia katika chokaa kavu usiku kucha, na kisiwa hiki hakikosi chokaa. Wako wanaokitia ndani ya ndoo ya maji. Niliwaona, na kishikizo chao nilikiona pia, vipande viwili.

Tundu lililotanuka usilijaze washa. Lipanue liwe duara, utie kikoba cha chuma kinachobana, ili bolti ikae bila kucheza. Tazama pia masikio ya dainamo yenyewe, ambayo ni ya alumini: pamoja na bolti ya chuma na chumvi ya pwani huliwa upesi, kwa hiyo paka grisi kabla ya kufunga.

Katika kufunga, kaza bolti mbili za chini kwa mkono tu, uweke ukanda, uangalie kwa uzi ulionyoshwa kama magurudumu yote matatu yako katika mstari mmoja. Nyuma ya kosa letu palikuwa na hili pia: dainamo ilikaa mbele kidogo, ikauvuta ukanda upande. Kisha ivute dainamo nje mpaka ukanda, ukisukumwa katikati kwa kidole gumba, ukubali kama sentimeta 1. Ukikaza zaidi utaua beringi za pampu. Ndipo kaza bolti zote, ukianzia ya juu penye tundu refu. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, zikaze tena.

Dainamo ya kwanza imerudi mahali pake. Ile aliyoinunua iko kwangu, imefungwa katika gunia, ni nzima na imetumika siku chache tu. Mwenye kuihitaji na aniandikie, ili mwalimu apate mabati yake kabla ya masika.