ALIYETUMWA NA ARUDI KUTOA HABARI

Barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, kabla haijafika Usa River, yapita Tengeru. Mahali hapo, chini ya Mlima Meru na karibu na Ziwa Duluti, vyuo vya umma vimesimama katikati ya migomba na kahawa. Pana Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, pana chuo cha mifugo, pana Chuo cha Ualimu Patandi kinachowaandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Leo twataka kusema juu ya hiyo Taasisi na vijana wanaosoma humo, kwani jambo lao lamhusu kila mwanachama na kila mfanyakazi alipaye kodi.

Taasisi hiyo hufundisha maafisa maendeleo ya jamii, watu wapelekwao katika kata na halmashauri kuwasaidia wananchi kuunda vikundi, kupanga miradi na kutunza hesabu. Mikononi mwao hupita jambo zito. Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo, kwa kuwa fedha nyingi hazikurejeshwa na baadhi ya vikundi vilivyokopa vilikuwa majina matupu. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Utaratibu mpya ni mwema, lakini hautatosha peke yake. Kikundi cha majina matupu ni vigumu kumpita afisa awajuaye watu wake. Humpita kwa urahisi yule aliyekijua kijiji kwa kukisoma katika daftari.

Basi twauliza: mwanafunzi wa Tengeru atakijua kijiji lini, ikiwa si sasa anapoishi ndani yake? Wapo wanaolala katika mabweni, na wapo waliopanga vyumba kwa wenyeji. Ni rahisi mno kwa mwenye nyumba kumjua kijana huyo kwa kodi ya chumba tu, na kwa mama auzaye mboga sokoni kumjua kwa deni lake tu; na kijana naye kuwajua hao kwa bei zao. Ukuta mmoja wa tofali watenga chumba chake na shamba la mwenyeji, lakini msimu wa kahawa waweza kuja ukapita asijue mwenyeji huyo amevuna kilo ngapi, amemwuzia nani, wala kwa nini mfereji wa maji umekauka. Nayo hayo ndiyo masomo yenyewe!

Ardhi ya Tengeru ina historia ya kutufunza. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwaweka hapo wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa na kanisa lao, shule zao, hospitali yao na shamba lao. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na makaburi yao yapo hadi leo. Hatuwalaumu, walikuwa wageni waliofukuzwa na vita, na kambi ni mahali pa kungojea. Lakini chuo cha wananchi hakiwezi kukaa juu ya ardhi hiyo hiyo kama kambi, kila mtu humo akingojea siku ya kuondoka.

Upande mwingine wa mlima pana fundisho la pili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akieleza dhuluma hiyo. Ardhi haikurudi mara moja. Lakini Ndugu Japhet alirudi, akawaeleza watu yale aliyoyasema na yale aliyoyasikia. Alijua ni nani aliyemtuma, na kwa fedha ya nani.

Mwanafunzi wa leo naye ametumwa. Ametumwa na mzazi aliyeuza maziwa na ndizi ili alipe ada, na ametumwa na walipa kodi wanaojenga madarasa na kuwalipa wakufunzi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, neno lake kubwa lilikuwa kwamba elimu isimtenge kijana na jamii iliyomlea. Kwa nia hiyo hiyo vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kuanzia mwaka 1975, kikiwamo kile cha Monduli, ili mtu mzima wa kijijini apate ufundi na maarifa bila kukikimbia kijiji.

Sisi twapendekeza jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa. Wanafunzi wa maendeleo ya jamii hupelekwa vijijini kwa mazoezi ya kazi, huuliza maswali, huandika ripoti. Ripoti hiyo isipewe alama kabla haijasomwa kwa Kiswahili chepesi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukutana kila miezi mitatu. Wanakijiji waseme palipo kweli na palipo uongo, na maneno yao yaandikwe mwishoni. Kijana atakayekosolewa na bibi mkulima juu ya bei ya mbolea hatalisahau somo hilo maisha yake yote. Na kijiji kitabaki na maarifa yaliyotoka kwake, badala ya kuyaona yakifungiwa kabatini kama talanta iliyofukiwa.

Wapo watakaosema kwamba kijana hatafuti sifa za kijiji, atafuta mshahara. Ni kweli, wala si dhambi. Mwenye njaa hatulizwi kwa hotuba, na ajira ni chache. Kwa hiyo deni si la mwanafunzi peke yake. Halmashauri nazo zina wajibu wa kuzijaza nafasi za maafisa katika kata, na kuwapa vyombo vya kuwafikisha kwa watu. Haifai kumhimiza kijana kurudi kijijini, kisha kumpokea kwa ofisi isiyo na kiti.

Nanyi wanachama na wafakazi wa Arusha na Meru, msingoje waraka. Mwanafunzi aliyepanga nyumbani kwako mwite shambani, mwite kwenye kikao cha kitongoji, mwonyeshe daftari la kikundi chenu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kijana aliyeonyeshwa ngama mapema hatapotea njia ya kuirudia.