Mbili Bila, Halafu Tukabaki Nyumbani

Wadau, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mnaikumbuka Biashara United ya Mara? Msimu wa 2020/21 ilimaliza Ligi Kuu nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa FC Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021 ikaichapa Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 pale Dar. Sisi watu wa Tarime tukawa tunatembea vifua mbele. Mzee wangu, ambaye mpaka leo hajanisamehe kuacha ualimu nikakimbilia uandishi, alinipigia simu kuuliza Libya ni mbali kiasi gani.

Mbali sana, baba. Timu haikufika. Safari ilikwama, marudiano hayakuchezwa, CAF wakatuondoa. Hatukufungwa, jamani. Tulishindwa kusafiri! Na msimu huohuo timu ikashuka daraja.

Hivi huu ni mkoa maskini? Tarime kuna mgodi wa North Mara, dhahabu inachimbwa Nyamongo kila siku. Wilaya ya Serengeti ina hifadhi ambayo watu wanavuka bahari kuja kuangalia nyumbu wakivuka mto. Jina la Serengeti tumewapa mpaka vijana wa taifa chini ya miaka 17. Majina makubwa tunayo. Nauli ndiyo inatushinda.

Najua nitaambiwa klabu si mali ya serikali, na mgodi hauko pale kufadhili mpira. Sawa. Lakini ilipokuwa inashinda ilikuwa "timu yetu ya mkoa". Ilipokwama, ghafla ikawa na wenyewe.

Na anayesema "huo ni mpira tu" namkumbusha Wamarekani. Mwaka 1905 mpira wao, ule wa kukimbia na mpira mkononi, uliua vijana wasiopungua 18 katika msimu mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, wakaruhusu mpira kurushwa mbele. Sisi hatukuzika mtu, Mungu ashukuriwe. Ila msimu mbaya kwao ulizaa sheria mpya, kwetu ulizaa "ndiyo mpira ulivyo".

Na sisi mashabiki tumo. Siku ya Simba na Yanga mabanda umiza ya Tarime mjini na Mugumu yanajaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Biashara ikicheza Karume, Musoma, hapo karibu tu, tunasema tuko bize.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kwanza, ukurasa mmoja unaoeleza nani alitakiwa kufanya nini kwenye ile safari, lini, na kwa nini hakufanya. Kama upo, mwenye nao auweke hapa. Pili, halmashauri za Tarime na Serengeti, wawekezaji na sisi wa mia mia tuchange mfuko wa safari, hesabu zibandikwe ukutani. Timu nyingine ya Mara ikipata tiketi ya Afrika, ikute nauli inaisubiri.

Nimemaliza. Uwanja ni wenu, tupieni maoni. Wa kunitukana pia karibuni, ila mje na hoja.