Fedha za Mpaka Ziende Langoni

Kiwalani, Dar es Salaam, haipakani na nchi yoyote, lakini mpaka tunao jirani. Mwendo mfupi kutoka hapa ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na malori yanayojipanga Barabara ya Nyerere mengi yanaelekea Tunduma, kisha Zambia na Kongo. Ndiyo maana kila Juni, Bajeti inaposomwa Dodoma, vijiweni kwetu swali hurudi: Bunge litunge sheria ya kuutengea ulinzi wa mipaka fungu lake maalumu, au lisitunge?

Mimi nasema litunge. Ninachokataa ni sababu nyingi zinazotolewa na pande zote mbili, kwa kuwa sheria iliyosimama juu ya sababu mbovu hupeleka fedha pasipostahili. Nizipitie moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: "Tujenge ukuta, kama Mirerani."

Ukuta wa Mirerani una urefu wa kilomita 24.5. Ulijengwa na JKT, na Rais Magufuli akauzindua Aprili 6, 2018 ili kuziba mianya ya magendo ya tanzanite. Wanaoutaja husahau kwamba kazi kubwa pale inafanyika kwenye geti. Eneo ni dogo, watu na madini hupita mahali panapojulikana, na jiwe hukaguliwa, huthaminiwa na hulipiwa kodi hapohapo. Bila ukaguzi wa getini, ukuta ule ungekuwa uzio wa gharama kubwa tu.

Mpaka wetu wa nchi kavu na maji ya bara unapita kilomita 4,000, tukipakana na nchi nane. Sehemu kubwa iko ndani ya Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, na kusini ni Mto Ruvuma. Anayetaka ukuta atuambie kwanza atausimamishaje ziwani.

Wenzetu wa Kenya wamekwishajaribu. Mwaka 2015, baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab, walianza kujenga uzio kwenye mpaka wa Somalia upande wa Mandera. Kufikia 2019 wabunge wao walisimamisha mradi baada ya kuelezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 za Kenya zimetumika kwa takribani kilomita 10. Na katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, lililoua watu 148, mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo hakuhitaji kuruka uzio wowote.

Hoja ya pili: "Wanaopita njia za panya wanakuja kutunyang'anya kazi."

Kundi linalokamatwa mara nyingi zaidi katika habari zetu ni vijana wa Ethiopia, na kijana wa Kiethiopia anayefichwa kwenye nyumba ya uani Bagamoyo hatafuti kibarua Vingunguti. Anakwenda Afrika Kusini. Tanzania kwake ni njia, na njia yenyewe inaua. Juni 2012, wilayani Kongwa, Dodoma, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wametupwa porini baada ya kufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64.

Watu hao hawakujisafirisha. Kuna mwenye lori, kuna mwenye nyumba aliyepokea kodi asiulize, kuna aliyefumba macho kwenye kizuizi, na juu yao wote kuna tajiri anayelipa. Mahakama zetu zimekuwa zikitoa adhabu ya kifungo cha miaka 20 au faini ya shilingi milioni 20 kwa kosa la kusafirisha wahamiaji haramu. Fikiria nani anaumia hapo. Dereva asiye na kitu anaingia gerezani, na mwenye mtaji akishikwa anaweza kulipa na kurudi barabarani.

Kwa hiyo fedha mpya zikiishia kununua magari ya doria pekee, tutaendelea kukamata abiria na madereva. Sehemu yake iende kwa wapelelezi wanaofuatilia miamala ya simu, umiliki wa malori na mikataba ya nyumba, hadi kwa mwenye mali.

Hoja ya tatu: "Operesheni moja kali inatosha."

Tuliifanya. Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wa mikoa ya magharibi wiki mbili wawe wameondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka, wakiwamo watu waliokuwa wameishi nchini miongo kadhaa, wenye mashamba, wake na watoto. Kimbunga kilipopita, njia zilezile zilibaki bila vituo vya kutosha.

Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilifanya jambo ambalo vijiweni halitajwi. Ilikamilisha uraia wa Warundi wapatao 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na vizazi vyao, waliokuwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mtu mwenye cheti hana haja ya kujificha. Anasajili laini ya simu, anafungua akaunti, anamtaja kwa mwenyekiti wa kijiji mgeni asiyemwelewa. Kwa macho ya usalama, huyo ni jicho lililoongezeka mpakani.

Kinyume chake, malalamiko ya wakazi wa Kigoma kuhusu kuhojiwa uraia wao kila wanapofuatilia kitambulisho cha NIDA yamesikika kwa miaka mingi. Mwananchi anayetendewa kama mgeni kwao hatakuwa na hamu ya kuwasaidia walinzi wa mpaka. Wamakonde waliokuwa Kenya kwa miongo bila uraia walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai haki hiyo, nao wakatambuliwa. Sisi tusisubiri watu watembee.

Hoja ya nne: "Sisi ni Afrika Mashariki moja, ulinzi wa nini?"

Hii ni ya upande wa pili, na inapendeza masikioni. Ni kweli Wamasai, Wakurya na Wahaya wana ndugu ng'ambo, na mistari ilichorwa na wakoloni bila kuwauliza. Ni kweli pia kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikitumika tangu Julai 1, 2010. Lakini itifaki hiyo inampa mtu haki ya kupita akiwa na hati yake. Haikufuta dawati la Uhamiaji.

Na jirani si wakati wote ni ndugu anayekuja kusalimia. Wazee wetu wanakumbuka Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Vijana watazame karibu zaidi: Oktoba 14, 2020 wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Mwanakijiji wa Kitaya akiambiwa mpaka hauna maana atamshangaa msemaji.

Hoja ya tano: "Fedha hizo zijenge zahanati, mpaka ni mzigo."

Hapa Kiwalani hoja hii ina nguvu, maana mahitaji yetu tunayajua. Hata hivyo mpaka unaofanya kazi huingiza fedha. Lori likilala Tunduma siku kadhaa likisubiri nyaraka, gharama inarudi kwa dereva, kwa wakala wa forodha, kwa kibarua wa bandari kavu huku kwetu, na mwisho kwa bandari yenyewe, kwa sababu mzigo wa Zambia na Kongo unaweza kutafuta bandari nyingine. Vituo vya pamoja vya mpakani, vinavyotumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, vinamwezesha msafiri kusimama mara moja badala ya mbili. Cha Namanga kilizinduliwa na Marais Magufuli na Kenyatta Desemba 1, 2018. Lango likiwa la haraka na la haki, mfanyabiashara mdogo wa mahindi anapata sababu ya kuacha njia ya panya, na askari anabaki na wachache wa kuwafuatilia.

Hata zahanati zinahusika. Virusi vya Marburg vilipozuka Kagera mwaka 2023, na tena 2025, ofisa afya wa mpakani alikuwa mlinzi sawa na mwenye bunduki.

Tatizo ni kwamba malango yetu kadhaa yamejengwa kwa mkono wa wengine: Rusumo kwa fedha za Japani, Mutukula kwa msaada uliopitia TradeMark East Africa. Tunashukuru. Lakini mfadhili akishakabidhi jengo, mafuta ya jenereta, matengenezo ya skana na nyumba ya ofisa ni juu yetu, kila mwaka. Hilo ndilo linalohitaji sheria.

Sheria yenyewe iwe na mambo matatu. Fungu litajwe kwa kila kituo na matumizi yake yakaguliwe na Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, kituo kwa kituo. Sehemu maalumu iende kwenye upelelezi wa wafadhili wa usafirishaji wa watu, na tajiri wa mtandao asiwe na nafasi ya kulipa faini akaondoka. Wakazi wa mpakani wapewe vitambulisho kwa muda uliowekwa, pamoja na mahali pa kulalamikia ofisa anayeomba rushwa.

Muswada ukija bila vifungu hivyo, mbunge wetu tumwulize fedha zinakwenda kituo gani na nani atazikagua, kabla hajagonga meza.